Ayalandi tunakutanishwa na upepo, baa baadaye

Swali limerudi tena, kwamba msafiri wa mashua ya tanga apateje marafiki Ayalandi, na safari hii limekuja na jibu lake kabisa: "Kule Ayalandi kupata marafiki wa baharini si kazi, wale watu ni wakarimu kwa asili. Ukiingia baa tu, umemaliza." Nimechoka nalo. Ukarimu upo, sikatai. Lakini kinachowakalisha mabaharia pamoja ni kukwama, na aliyekwama pamoja nawe mara nyingi si Muayalandi hata kidogo. Ni Muingereza, Mfaransa au Mholanzi mwenye nguo mbichi kama zako.

Tazameni ramani. Hata katikati ya kiangazi, migandamizo midogo ya hewa, ile iletayo upepo na mvua, kutoka Atlantiki hupita mmoja baada ya mwingine. Anayetoka Dublin kwenda Kinsale lazima azunguke kona ya kusini-mashariki, ya Tuskar na Carnsore, ambako mkondo ukipingana na upepo bahari huchafuka vibaya. Anayerudi ana kona hiyohiyo. Anayevuka kutoka Wales naye hutua jirani hapo. Wote wanaishia Kilmore Quay, bandari ndogo ya wavuvi, kila mmoja akingoja upepo ambao mwenzake hautaki. Dingle, bandari ya kusini-magharibi, ni vilevile: kaskazini yake kuna mdomo wa Shannon na mwendo wa kutwa nzima hadi visiwa vya Aran, kwa hiyo hakuna anayeng'oa nanga kwa hamu tu. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa haya. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi yalikaa Mombasa na Unguja yakingoja kusi, na katika kungoja huko watu walifanya biashara, wakaoana, wakagombana.

Urafiki basi huanzia kwenye kamba. Gati likijaa, unafunga ubavuni mwa chombo cha mtu, mwingine anafunga ubavuni mwako, hadi mnakuwa wanne au watano mmeshikana. Hapa ndipo wageni wanapoharibu, na hapa ndipo nitakapokaa.

Usirushe kamba kabla ya kuomba. Fenda zako, yale maboya ya kukinga ubavu, ziwe zimeshaning'inia. Usitegemee za mwenyeji. Ukiruhusiwa, funga kwake, halafu peleka kamba zako mwenyewe nchi kavu, moja ya omo, yaani mbele, na moja ya tezi, yaani nyuma. Watu huniambia huo ni usumbufu wa bure. Bila kamba hizo, uzito wako na wa wote waliokufuata unaning'inia kwa yule wa ndani, na upepo ukigeuka usiku ni yeye atakayekesha. Hakikisha mlingoti wako haulingani na wa jirani, maana vyombo vikiyumba vitagongana huko juu. Na ukivuka vyombo vya wenzako kwenda nchi kavu, pita mbele ya mlingoti. Mbele! Kokpiti, pale penye usukani na viti, ni sebule ya watu, wanakula mle, wanagombana na wake zao mle. Viatu laini, mguu mwepesi, na ukirudi saa sita usiku usiimbe juu ya vichwa vya waliolala.

Kisha linakuja swali: mnaondoka saa ngapi? Wengi hujibu kwa adabu, "Ah, wakati wowote." Hakuna jibu baya kuliko hilo. Wa ndani anataka kuuwahi mkondo saa kumi na moja alfajiri. Mpe saa kamili ajue nani wa kumwamsha. Wa katikati anaweza kutoka bila kuuvunja mlolongo: wa nje anaachia kamba yake moja, anaizungusha upande wa pili wa anayeondoka na kuirudisha kwa wa ndani, anayeondoka anateleza kufuata mkondo, kamba inavutwa, pengo linazibwa. Akijaribu kutoka dhidi ya mkondo, wa nje wote watasombwa. Yote hayo yanataka mikono ya kutosha na mpango wa tangu jana yake. Mpango huo, ukipangwa jioni juu ya chati na bakuli la karanga, ndiyo karamu yenyewe.

Na baa? Nendeni, muziki wa Dingle ni mzuri. Mimi sinywi, na sijakosa mwaliko kwa sababu hiyo. Chai haikosekani chomboni, na pakiti za Barry's kutoka Cork zina majani ya Kenya na Rwanda, kwa hiyo sijioni mgeni sana.

Vilabu vya mashua pia vinatisha watu bure. Royal Cork, pale Crosshaven, inahesabu umri wake tangu 1720, basi mtu anadhani ataulizwa nasaba. Jitambulishe ofisini, lipa ada ya gati, oga, kula.

Linalonikera kuliko yote ni rai ya gatini. Manahodha watano wakisema kesho kunafaa, mgeni anahesabu mashahidi watano. Shahidi ni mmoja: wote wamesikia utabiri uleule wa Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ayalandi, ambao walinzi wa pwani huusoma redioni kila baada ya saa tatu. Asubuhi mmoja anaondoka, wa pili hataki kuonekana mwoga, na msafara mzima uko nje, chombo cha mita tisa nyuma ya cha mita kumi na tano. Waulizeni walichokiona kwa macho yao. Jana kwenye kona mawimbi yalikuwaje? Nanga ilishika au ilikokota? Simu haikupi hayo.

Magharibi ndiko ninakosita. Connemara na Mayo marina, yaani magati ya mashua za starehe, ni chache, kila chombo kinalala peke yake kwenye nanga au boya. Aliyejificha nyuma ya kisiwa kimojawapo cha Clew Bay, amewakimbia watu au anatamani mtu? Sina kanuni, na sidhani kama kuna aliye nayo. Mimi napita na kimashua, kwa makasia bila mashine, nasalimu kwa mbali, sigusi chombo chake. Akiuliza nimetoka wapi, nasogea. Akinitakia jioni njema, naendelea kupiga kasia kana kwamba nilikuwa nimetoka kunyoosha mikono tu.

Wanaowasha jenereta saa nne usiku kwenye ghuba tulivu siwaandikii leo. Nitatukana.