Je, viwanja vya ndege vya Norwei hufungwa msimu wa baridi?

Wengi wetu tunaamini kwamba theluji ikishaanguka huko kaskazini ya mbali, ndege husimama hadi jua lirudi. Ni dhana inayoeleweka. Tumeona picha za viwanja vya Ulaya vikikwama kwa theluji ya siku moja tu.

Lakini viwanja hivyo hukwama kwa sababu theluji ni mgeni kwao. Norwei ni mwenyeji wake. Gardermoen, uwanja mkuu wa Oslo tangu 1998, una kikosi cha magari ya kusukuma theluji yanayopita mshazari, moja nyuma ya jingine, kila moja likipokea theluji iliyosukumwa na la mbele. Ndege nayo hunyunyiziwa dawa ya moto ya kuyeyusha barafu mabawani kabla ya kuruka. Kuchelewa kupo, sikatai.

Mfano ninaoupenda ni Longyearbyen, mji ulio visiwa vya Svalbard vya Norwei, latitudo ya nyuzi 78 kaskazini. Jua halichomozi kwa karibu miezi minne, na bado ndege za abiria hutua. Kinachosumbua zaidi ni ukungu, upepo mkali na mvua inayoganda ikigusa lami.

Ukitaka kuhakikisha, fungua Januari ratiba ya ndege zinazotua Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei. Au tafuta ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, iitwayo METAR, kwa alama ENGM ya Gardermoen. Ukiona SN, theluji inaanguka. M08 ni nyuzi 8 chini ya sifuri. Dar es Salaam ni HTDA, ila huko M hutaiona.