Hakuna jengo la kuhimili "Rikta 8"

Fomu ilikuwa na safu sita, na ya nne iliandikwa: "Jengo linahimili Rikta ngapi?" Kilikuwa kikao cha kuandaa mtaa kwa tetemeko kubwa la ardhi. Mwalimu mkuu akafikiri kidogo, akajaza 7. Msimamizi wa zahanati aliyeketi karibu naye akachungulia, akaandika 7.5, nadhani ili zahanati isije ikaonekana nyonge mbele ya shule. Hakuna aliyecheka. Karatasi zikakusanywa, zikapigwa muhuri.

Swali la fomu ile halina jibu, na si kwa sababu wataalamu hawajalitafuta. Ni sawa na kuuliza mwavuli wako unahimili wingu la ukubwa gani. Lakini nimeshalisikia kwa wakandarasi wanaonadi maghorofa "ya Rikta 8", kwa watangazaji, na sasa hata kwa watu wa maafa wenyewe. Kwa hiyo nieleze.

Ukubwa wa tetemeko ni namba moja inayosema tetemeko lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani pale miamba ilipokatika na kuteleza chini ya ardhi. Ukali ni jinsi mahali fulani palivyotikiswa. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu, ila ukali wake hutofautiana mji kwa mji, na hata barabara kwa barabara. Maana ndiyo hiyo. Kazi ni kueleza tulivyoichanganya.

Naanza na neno *kipimo*, maana kosa limejificha humo. Kwa Kiswahili, kipimo ni kile kinachopimia na pia kile kilichopatikana baada ya kupima: mizani ni kipimo, kilo mbili nazo ni kipimo. Mtangazaji anaposema "7.8 kwa kipimo cha Rikta", msikilizaji anajenga picha ya mashine. Nimewahi kuulizwa, bila utani, kama mtaa unaweza kununua Rikta yake. Hakuna kifaa kinachoitwa hivyo. Mashine inayochora mtikisiko ni seismografu. Rikta ni mtu: Charles Richter, Mmarekani, ambaye mwaka 1935, akifanya kazi pamoja na Beno Gutenberg huko California, alitafuta njia ya kuyapanga matetemeko ya eneo lile kwa namba moja moja. Jina lake la ukoo kwa Kijerumani lina maana ya hakimu. Huenda ndiyo sababu namba yake tunaipokea kama hukumu.

Wazo la kutumia "ukubwa" alilichota kwa wanafalaki, ambao tangu zamani huzipanga nyota kwa mng'ao wanaouita "ukubwa". Shabaha yake ilikuwa hasa kuutenga na ukali, kwa sababu wakati huo ukali ndio uliokuwa ukijulikana, na watu walikuwa wakidhani mji ulioharibika zaidi ndio uliopata tetemeko kubwa zaidi. Yaani mchanganyiko ambao Richter alikusudia kuumaliza, leo tunaufanya kwa jina lake.

Kuna lingine. Hesabu za Richter zilitengenezewa kusini mwa California, kwa aina moja ya seismografu, kwa matetemeko yasiyo mbali sana. Kwa matetemeko makubwa kweli zinagota: tetemeko linaongezeka, namba haisogei. Ndiyo maana mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walileta hesabu nyingine, inayotazama ufa wenyewe: umevunjika kwa eneo gani, pande zake zimeteleza kwa umbali gani, na miamba ni migumu kiasi gani. Namba kubwa kubwa tunazosikia leo, kama 7.8 ya Uturuki na Syria ya Februari 2023, hutoka huko. Anayeongeza "kwa kipimo cha Rikta" anampa marehemu sifa ya kazi ya wenzake.

Na hakuna "kati ya kumi". Hizi si alama za mtihani. Hesabu hii ya sasa haina dari. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile, Mei 22, 1960, ukubwa wa 9.5. Kupanda namba moja ni mchoro wa mtikisiko kukua mara 10, na nishati kuongezeka karibu mara 32. Kupanda namba mbili ni nishati mara 1,000. Kwa hiyo tofauti ya 7 na 7.5, ile aliyoongeza msimamizi wa zahanati kwa wino wa bluu, ni ya zaidi ya mara tano.

Sasa ukali. Hili neno ni letu kabisa na limekaa vizuri kuliko tunavyolitumia. *-kali* husemwa kwa kisu, kwa mbwa, kwa jua, kwa siki, kwa pilipili, na kila mara anakuwepo anayeupata huo ukali: ngozi, ulimi, mguu wa mpita njia. Jua ni lile lile, lakini aliye uwanjani na aliye chini ya mwembe hawasemi kitu kimoja kuhusu saa saba mchana. Ukali wa tetemeko ni vivyo hivyo, hausemeki bila kutaja mahali.

Aliyeupa ngazi zinazokumbukwa zaidi ni Giuseppe Mercalli, padri wa Kiitaliano na mtaalamu wa volkano, mwaka 1902. Wengine walizirefusha hadi daraja 12, na mwaka 1931 Wamarekani wawili, Harry Wood na Frank Neumann, wakazirekebisha. Huandikwa kwa namba za Kirumi, I hadi XII, na ninazipenda kwa sababu unaweza kuzisoma ukiwa umekaa sebuleni. Daraja la III, taa inayoning'inia inayumba na unadhani lori limepita nje. La V, waliolala wanaamka na kikombe kilichokuwa ukingoni kinaanguka. La VI, kabati zito linasogea na lipu inabanduka hapa na pale. Kuanzia la VII, unaacha kuuliza watu na kuanza kuuliza kuta: lililojengwa vizuri halipati neno, lililojengwa ovyo linapasuka vibaya. La VIII, dohani na kuta dhaifu zinashuka. La XII sitaki kulieleza.

Angalia kwamba daraja la VII lenyewe linamtaja fundi. Namba ya Richter haimjui fundi wala haina haja ya kumjua.

Kama kuna mji uliofundishwa tofauti hii kwa gharama, ni Christchurch, New Zealand. Septemba 4, 2010, alfajiri, lilipita tetemeko la ukubwa wa 7.1. Ufa ulikuwa nje ya mji, upande wa magharibi, umbali wa kilomita 40 hivi. Matofali yalianguka, ardhi ilitapika tope, lakini hakuna aliyefukiwa na jengo akafa. Ukiwa na fomu ya safu sita, hapo ungejaza kwa fahari: tumehimili 7.1. Miezi mitano baadaye, Februari 22, 2011, saa saba kasoro dakika tisa mchana, likaja jingine la ukubwa wa 6.2. Kwa nishati lilikuwa dogo kuliko la kwanza zaidi ya mara 20. Ila hili lilikuwa halina kina, na lilipasukia karibu na mlango wa mji. Watu 185 walikufa, 115 kati yao katika jengo moja. Ni kweli kwamba saa nayo ilichangia, kwa kuwa la kwanza liliwakuta watu vitandani na la pili likawakuta maofisini na barabarani, na majengo mengine yalishachoshwa na la awali. Lakini ukali ndani ya mji ulikuwa mkubwa zaidi ingawa namba ilikuwa ndogo, na aliyekuwa amejipima kwa namba alikuwa amejipima kwa kitu kisichomhusu.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Septemba 19, 1985, sakafu ya bahari mbele ya Michoacán, pwani ya Meksiko, iliteleza kwa ukubwa wa 8.0. Jiji kuu liko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Wahenga wanauliza pilipili usiyoila yakuwashia nini, na jibu la siku ile lingewashangaza. Katikati ya jiji lile kulikuwa na ziwa zamani, na majengo yamekaa juu ya udongo wake laini. Mawimbi yaliyofika yamechoka yakaingia kwenye udongo ule yakapata nguvu upya, yakiyumba kwenda na kurudi kila baada ya sekunde mbili hivi. Mwendo huo ndio mwendo ambao jengo la ghorofa 6 hadi 15 hupenda kuyumba lenyewe, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hayo ndiyo yaliyoanguka kwa wingi. Nyumba fupi nyingi zilibaki, mnara wa ghorofa zaidi ya 40 ulibaki, na mitaa ya jiji hilohilo iliyo juu ya mwamba haikupata madhara makubwa. Maelfu walikufa. Tetemeko moja, jiji moja, asubuhi moja, na mwenye ghorofa kumi juu ya tope alipata kitu tofauti kabisa na mwenye ghorofa moja kilimani.

Sasa mtu aniambie jengo la "Rikta 8" lingekuwa lipi hapo.

Wahandisi wenyewe hawajengi kwa namba hiyo. Wanachotaka kujua ni mchapuko wa ardhi, yaani kasi itabadilika ghafla kiasi gani pale kwenye kiwanja, na huutaja kama sehemu ya mvutano wa dunia. Halafu wanataka kujua udongo ni wa aina gani na utayumba kwa mwendo gani. Mkandarasi anayekutajia Rikta pengine amejenga vizuri, simhukumu, lakini alichokutajia hakimo kwenye mahesabu ya jengo. Mwombe mahesabu.

Wajapani walilimaliza tatizo hili kwa lugha. Wana neno *shindo*, kiasi cha mtikisiko, lenye ngazi zake: 0 hadi 7, na tangu 1996 ya 5 na ya 6 zimegawanywa mbili mbili, jumla kumi. Ardhi ikitikisika, runinga huonyesha ramani yenye namba za shindo kwa kila eneo, na ukubwa hutajwa pia, peke yake. Mtu anajua kwake palikuwa 3 na kwa shangazi yake palikuwa 5, na anajua ampigie nani simu kwanza. Sisi tuna neno *ukali*, lipo tayari, halihitaji kuundwa na kamati yoyote. Tumelikalia tu.

Nikiwa hapohapo, *kitovu* nacho kinaonewa. Kitovu kiko juu ya tumbo, na kitovu cha tetemeko kiko juu ya ardhi, moja kwa moja juu ya pale lilipoanzia. Hakuna "kitovu chenye kina cha kilomita kumi". Chenye kina ni chanzo. Hili nalisamehe zaidi, kwa kuwa halimdanganyi mwalimu mkuu.

Baada ya kikao nilimfuata katibu, nikamwambia taratibu, maana kazi ya kuandaa fomu ile ilikuwa yake na ameifanya usiku. Sikumwambia aichapishe upya. Nilimwomba akate maneno ya safu ya nne kwa kalamu na juu yake aandike: "Hapa pakitikiswa kwa daraja la VIII, nini kitaanguka, na kitamwangukia nani?" Akasoma, akauliza mwalimu atajuaje. Tukarudi shuleni wote watatu. Mwalimu mkuu akasimama katikati ya darasa la kwanza tuliloingia, akatazama juu, kisha akanyoosha kidole kwenye kabati la vitabu refu kuliko mlango, halijafungwa ukutani, limesimama kando ya mlango wenyewe, ule pekee. Akafuta 7, akaandika: kabati.