Wanaopendana Hawagombani? Si Kweli

Wanandoa wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri hapa Mwanza huanza hivi: "Tunagombana sana, nadhani mapenzi yameisha." Dhana hiyo inavunja nyumba ambazo zingepona. John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, aliona kwamba takribani asilimia 69 ya migogoro yao haimaliziki, hata kwa wale wenye furaha, kwa sababu inatokana na tofauti za tabia na mtindo wa maisha.

Chukua mume na mke wanaouza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mume hutuma hela kwa mama yake Sengerema kila mwezi. Mke anataka wakuze mtaji. Mwakani watabishana tena. Kinachonitisha mimi ni dharau: kusonya, kubetua midomo, "ndugu zako wote ombaomba." Afadhali sana mke aseme, "Mume wangu, mtaji ukipungua naogopa. Mwezi huu tutume kiasi gani?" Hapo kuna pa kuanzia.

Na moyo ukienda mbio, mapigo yakapita 100 kwa dakika, msilazimishe mazungumzo. Kichwa hakisikii tena. Pumzikeni angalau dakika 20, mkikubaliana mtarudi saa ngapi. Kuondoka kimyakimya ni kumwongezea mwenzako kidonda.

Ila ninaposema ugomvi, sisemi kipigo. Ukipigwa au kutishiwa, usingoje mshauri: nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.