Begi la maji kwa safari ndefu za baiskeli: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

"Ziwa liko hapo hapo, begi la maji la nini?"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo la hatari zaidi. Ukipita Igombe kwenda Kayenze ziwa hulipotezi machoni kwa muda mrefu, ukaanza kujiona mjinga kubeba lita mbili mgongoni, kwenye begi lenye mfuko wa maji ndani na mrija wa kunyonyea. Lakini maji yale ni ya kutazama mpaka yasafishwe. Taifodi na kipindupindu huja kwa kunywa. Kichocho hakisubiri hata unywe. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, kwa hiyo kuingia hadi magotini ili ujaze chupa ni kujitakia.

Wapo wenye vichujio vidogo vya kupachika kwenye mrija, nao huona wamemaliza kazi. Kichujio chenye matundu ya maikroni 0.1, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, hunasa bakteria na vimelea vikubwa, ila virusi ni vidogo kuliko matundu hayo na hupita. Kuchemsha huua vyote, na kwa mwinuko wetu wa mita zipatazo 1,134 dakika moja ya kutokota inatosha. Lakini kuna kinachoushinda hata moto. Vipo vipindi ambavyo maji ya Ghuba ya Mwanza hugeuka kijani kama mtu kamwaga rangi. Hiyo ni sainobakteria, bakteria wa majini wanaofanana na mwani, na baadhi yake hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha wala kwa kidonge cha klorini. Maji ya namna hiyo yaache, hata uso usinawe.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya begi, jiulize maji salama yanayofuata yako wapi. Jibu hilo ndilo linalochagua ukubwa.

"Chukua la lita tatu, kubwa ndilo bora"

Lita moja ya maji ni kilo moja, haina punguzo. Tia tatu, ongeza pampu, tyubu ya akiba na spana, mabega yanaanza kulalamika kabla hujamaliza mwinuko wa kwanza wenye mawe. Njia nyingi za vumbi zinazozunguka Misungwi na Magu zinapita vijijini, na kioski chenye maji ya chupa hakikosekani kwa muda mrefu. Huko lita mbili mgongoni na chupa moja kwenye fremu zinatosha watu wengi. Lita tatu mwachie anayekata mbuga kuelekea Kwimba wakati wa kiangazi, bila kujua duka lijalo liko wapi.

Usikisie jasho lako. Jipime uzito bila nguo, endesha saa moja, jifute, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja. Jumlisha na ulichokunywa njiani. Na usidanganywe na upepo wa ziwa. Unakausha jasho kabla hujaliona, lakini ile chumvi nyeupe kwenye mikanda ya begi haisemi uongo.

"Begi linaumiza mgongo"

Linaumiza kwa sababu ulilijaribu likiwa tupu. Lijaze maji dukani, livae, iname kana kwamba umeshika usukani. Uzito ukae chini, karibu na kiuno, si kwenye shingo. Mkanda wa kifuani peke yake hautoshi kwa njia za mawe. Bila wa kiunoni begi litakurukia kichwani kwenye kila mteremko. Kelele za maji kuchezacheza zina dawa rahisi: ukishafunga mfuko wa ndani, ugeuze juu chini, nyonya hewa yote kupitia mrija mpaka maji yafike kinywani. Hapo mfuko unatulia.

"Ni mbwembwe za watalii"

Mwanzo wake haukuwa na mbwembwe yoyote. Mwaka 1989 huko Texas, Marekani, Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa, alijaza maji kwenye mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi ndefu na kuubana mgongoni mwa jezi yake ili amalize mbio za baiskeli za Hotter'N Hell Hundred. Kwetu faida kubwa ni usafi: chupa ya kwenye fremu hurushiwa tope la mbuga na mavi ya ng'ombe, halafu mdomo wako unaenda pale pale.

"La mtumba ni lile lile"

Begi, sawa. Mfuko wa ndani, hapana, mpaka uukague. Pale soko la Mlango Mmoja utaambiwa, "Kaka, hii gredi wani, osha na sabuni tu." Itikia, kisha fungua mfuniko unuse. Inua mrija kwenye mwanga: vidoa vyeusi ndani ni kuvu. Ng'ata kidomo cha kunyonyea uone kama kimepasuka. Mwisho omba maji, ujaze, uulaze juu ya boksi kavu na uukandamize kwa goti, hasa pale mrija unapoungana na mfuko. Ukivuja, nunua begi peke yake kwa bei ya kuongea, mfuko utafute mpya.

"Humo weka juisi, na nyonya kila wakati"

Juisi na soda huotesha kuvu kwenye mrija. Zitie kwenye chupa. ORS pia. Kunywa bila kikomo nako si afya, maana maji matupu mengi hushusha sodiamu, madini ya chumvi, kwenye damu. Katika Boston Marathon ya 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni na asilimia 13 walikutwa na sodiamu ya chini. Mrija ulio karibu na mdomo unashawishi sana, sikiliza kiu.

Ukirudi, osha mfuko kwa maji ya vuguvugu na uutundike wazi, ukiweka mwiko mdogo ndani ili pande zisigusane. Usiku ukikukuta mfuko haujakauka, umwage maji yote, uutie kwenye friza ulivyo. Kuvu haioti humo.