Unyumbufu wa Ubongo na Uponaji wa Kiwewe: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana kongwe kuliko zote ni kwamba ubongo wa mtu mzima haubadiliki. Haikuanzishwa na wajinga. Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi wa Hispania aliyetunukiwa Nobel mwaka 1906 kwa kuchunguza muundo wa mfumo wa neva, aliandika kwamba njia za neva za mtu mzima zimekwisha kukazika na haziwezi kuzaliwa upya, na kauli hiyo ikafundishwa kwa miongo mingi. Kilichoitikisa ni ushahidi kama ule wa madereva wa teksi wa London, ambao kabla ya kupewa leseni hulazimika kuhifadhi kichwani takriban mitaa 25,000. Mwaka 2000 mwanasayansi wa neva Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu na mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Huenda basi walizaliwa hivyo? Utafiti wa mwaka 2011 uliwafuatilia wanafunzi wa kazi hiyo tangu mwanzo, na ongezeko likaonekana kwa waliofaulu tu.

Kuanguka kwa dhana hiyo, hata hivyo, kumezaa nyingine za upande wa pili, na kwa maoni yangu hizi ndizo zinazowaumiza watu leo, kwa kuwa huvaa joho la sayansi.

Ya kwanza husema kwamba unyumbufu wa ubongo, yaani uwezo wake wa kubadilika, daima ni jambo la heri. Ukweli ni kwamba hauna upande. Tangu mwaka 1949, mwanasaikolojia wa Kanada Donald Hebb alipoeleza kwamba seli za neva zinazoamka pamoja mara kwa mara huimarisha miunganiko baina yake, imezidi kudhihirika kwamba ubongo huimarisha kile kinachorudiwa, kiwe chema au kiovu. Uraibu hujengeka kwa njia hiyo, na maumivu ya mwili yasiyokoma huchochewa nayo pia. Katika panya waliowekwa chini ya msongo wa muda mrefu, matawi ya seli za hipokampasi yalisinyaa, huku yale ya amigdala, kitovu cha hofu, yakirefuka. Kwa hiyo mtu anayeruka kila mlango unapobamizwa, miaka mingi baada ya vita kwisha, hakupungukiwa na unyumbufu. Ubongo wake ulijifunza, tena ulijifunza barabara, somo lililomwokoa wakati ule na ambalo sasa linamsumbua.

Hapo ndipo inapoingia dhana ninayoiona nzito kuliko zote, kwamba kupona ni kufuta kumbukumbu. Anayeiamini, hofu ikimrudia siku moja, hudhani kazi yote imepotea bure. Mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov alikwisha kuona kwamba mbwa aliyefundishwa kudondokwa na mate kwa ishara fulani, kisha akaacha, huweza kuanza tena baada ya kupumzishwa, na utafiti wa baadaye kuhusu hofu umeliunga mkono jambo hilo: somo la zamani kwa kawaida hubaki, na juu yake hujengwa somo jipya la usalama, ambalo hutegemea sehemu ya mbele ya ubongo katika kuituliza amigdala. Udhaifu wa somo hili jipya ni kwamba hushikamana na mahali lilipofundishwa, ndiyo maana mtu anaweza kuwa mtulivu kabisa chumbani kwa mtaalamu na akatetemeka akifika njia panda ilipotokea ajali yake.

Tiba zenye ushahidi zimeundwa kwa kuuzingatia udhaifu huo. Katika ile iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Edna Foa, ya kukabili hofu hatua kwa hatua, aliyenusurika katika ajali ya gari hufumba macho na kusimulia tukio kana kwamba linatendeka sasa: naona taa, nasikia breki, mlango haufunguki. Kila baada ya dakika chache huulizwa dhiki yake imefika wapi, kuanzia 0 hadi 100. Masimulizi hurekodiwa ili akayasikilize nyumbani. Kisha hupangiwa kazi za nje, kuanzia kuketi ndani ya gari lililozimwa hadi kupita barabara ileile, mchana na usiku, akiwa na mwenzake na akiwa peke yake, kwa sababu usalama unapaswa kujifunzwa mahali pengi. Vipindi kwa kawaida huwa kati ya 8 na 15. Ajali haisahauliki, linalopungua ni moyo kwenda mbio kila breki inaposikika. Kazi hii huongozwa na mtaalamu aliyefunzwa, na haifai kujaribiwa kwa kusoma makala, hii ikiwemo.

Kuhusu siku 21 zinazodaiwa kutosha kuubadili ubongo, habari ni fupi. Idadi hiyo ilitokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau muda kama huo kuzizoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake walipochunguza ujenzi wa mazoea katika utafiti uliochapishwa miaka 50 baadaye, walipata muda wa kati wa siku 66, huku makadirio ya mtu mmoja mmoja yakianzia siku 18 hadi 254.

Michezo ya simu inayoahidi kuunoa ubongo nayo ina rekodi yake: mwaka 2016 kampuni yenye programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 nchini Marekani baada ya kushtakiwa kwa matangazo yasiyo na ushahidi wa kutosha. Kutembea kwa miguu kuna hoja nzito zaidi, kwani katika jaribio la mwaka 2011 la wazee 120, waliofanya mazoezi ya kutembea kwa mwaka mmoja waliongezeka ukubwa wa hipokampasi kwa takriban asilimia 2.

Wapo pia wanaoamini kwamba kila aliyepatwa na tukio la kutisha ameharibika ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu hukumbana na tukio la namna hiyo maishani, lakini ni asilimia 5.6 tu kati yao wanaopata maradhi ya mfadhaiko baada ya kiwewe (PTSD), yaani hofu na kumbukumbu za tukio zisizokoma. Hata udogo wa hipokampasi wanaoonekana nao baadhi ya wagonjwa hauwezi kuhesabiwa wote kuwa jeraha la tukio, kwa sababu utafiti wa mapacha wa kufanana, mmoja wao akiwa amepigana vitani, uliochapishwa mwaka 2002 uliukuta pia kwa ndugu ambao hawakwenda vitani.

Kwa sababu hiyo si sahihi kumlazimisha kila manusura asimulie yote siku ileile. Uchambuzi wa majaribio ya kikao kimoja cha mapema cha kusimulia tukio haukuonyesha kwamba kinazuia maradhi, na katika baadhi ya majaribio hali ilizidi kuwa mbaya. Wala vidonge vya kutuliza vya kundi la benzodiazepini havifai katika mwezi wa kwanza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 visitolewe kwa dalili za msongo mkali baada ya tukio. Usingizi, usalama na watu wa karibu ndivyo vinavyotangulia, na dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua, hapo mtaalamu huhitajika.