Uongo mtupu: kuelewa vivumishi vya kukazia katika Kiingereza

Ukimwambia mtu "huo ni uongo mtupu", neno "mtupu" halihusiani na debe lisilo na maji. Linakaza tu: uongo huo haukuchanganywa na ukweli hata chembe. Sasa jaribu kugeuza: "uongo huo ni mtupu". Sentensi inapwaya. Mswahili anayesikia kasoro hiyo ameshajua nusu ya somo la vivumishi vya kukazia katika Kiingereza.

Kivumishi cha namna hii hakisemi kitu kina umbo au rangi gani, kinasema kimefika kiasi gani. "Utter", "sheer" na "complete" ni mifano yake. Mahali pake ni kabla ya nomino. Utaandika "utter nonsense", yaani upuuzi mtupu, lakini huwezi kuandika "the nonsense was utter". "Complete" ndilo la kuangalia zaidi, kwa sababu linaweza kukaa pote pawili: "a complete stranger" ni mtu usiyemjua kabisa, ilhali "the form is complete" ni fomu iliyojazwa yote. Ndivyo "maneno matupu" yalivyo mbali na "debe ni tupu".

Kisha kila neno lina wenzake. Kwetu hata furaha huwa tupu, ila "utter" huandamana zaidi na mabaya: "utter failure", "utter chaos". Asili yake ni neno la kale lenye maana ya "-a nje zaidi", ndugu wa "out", kwa hiyo ni jambo lililofika ukingoni. "Sheer" huambatana na bahati, nguvu na ukubwa: "sheer luck", "sheer size". Ukiandika "utter size" msomaji atakwama. Jozi hizi hazina kanuni. Zinaingia kichwani kwa kusoma sana.

Kinachotuponza hasa ni "sana". Kwetu linakubali karibu kila sifa, hata bora sana, nasi tunalihamisha lilivyo. Juzi nilisahihisha barua ya kuomba kazi iliyoandikwa "a very excellent knowledge of accounts". "Excellent" limeshafika kileleni, halina pa kuongezwa. Nilifuta "very", nikageuza "a" kuwa "an", na sifa ya yule kijana ikaonekana kubwa kuliko mwanzo. Panapohitaji msisitizo kwa maneno ya kileleni, tumia "absolutely": "absolutely exhausted", hoi kabisa.

"Very" lenyewe lilitoka Kifaransa cha kale, "verai", maana yake "-a kweli", kama sisi tunavyosema baridi kweli kweli. Na bado linaweza kuwa kivumishi cha kukazia likikaa mbele ya nomino: "the very man" ni mtu yuleyule, "this very house" ni nyumba hiihii.