Kulanti kupitia spindeli: inafaa lini?

Mashine nyingi za CNC, yaani zinazochonga chuma zikiongozwa na kompyuta, humwagia kulanti (majimaji ya kupoza) kwa nje: mabomba mawili matatu yameelekezwa kwenye kifaa cha kukatia, maji meupe yanamiminika. Kulanti kupitia spindeli ni njia nyingine. Pampu huisukuma ndani ya spindeli, yaani ule mhimili unaozungusha kifaa, ikapita katikati ya kishikio cha biti na kutokea kwenye vitundu vya ncha ya biti. Mgandamizo wa baa 20 ni wa kawaida kwa mifumo midogo, na baa 70 kwa yenye nguvu.

Je, ulipie? Mimi kwanza hutazama kina cha matundu unayotoboa. Tundu la milimita 8 linaloshuka milimita 80 lina kina mara 10 ya upana wake. Kulanti ya nje haifiki kule chini, maana chenga za chuma zinazopanda zinaizuia. Basi unatoboa kidogo, unaitoa biti, unarudi. Ukishuka milimita 2 kila mara, hizo ni safari 40. Biti yenye vitundu ya kabaidi, ile metali ngumu sana ya kukatia, ikienda mizunguko 3,200 kwa dakika na kushuka milimita 0.2 kila mzunguko, humaliza tundu hilo kwenye chuma laini kwa sekunde 8 hivi, bila kutoka nje. Unasikia mlio mmoja tu, na chenga zinaruka fupifupi. Siku chenga zikikwama, mlio hubadilika, halafu biti inakatikia ndani ya kazi iliyobakiza tundu moja iishe. Hasara hiyo ndiyo inayolipia pampu.

Kwa matundu yasiyozidi kina mara 3 ya upana, kulanti ya nje inatosha. Na ukichonga uso wa wazi wa chuma kwa kabaidi, mara nyingi upepo ni bora kuliko maji, kwa sababu kupashwa moto na kupozwa ghafla hupasua makali.

Usisahau chujio. Vitundu vya biti ni vyembamba mno, na chenga ndogo zikirudi na maji zitaviziba. Vishikio navyo viwe na sili za kuzuia uvujaji, la sivyo mgandamizo unavujia pembeni. Kama unaagiza mashine mpya na una kazi za matundu marefu, ichukue ikiwa na mfumo huo tangu kiwandani. Kuufunga baadaye ni gharama kubwa zaidi, na mashine nyingine hazikubali kabisa.